Shajara ya mradi: meza ya zege na kizingiti cha marumaru kwa pedi za almasi

11 Januari: vifaa na mpango

Kazi ni mbili. Ya kwanza ni bamba la zege la meza ya kazi: urefu mita 1.8, upana sentimita 60, unene sentimita 5. Lilimwagwa mwanzoni mwa Desemba na kunyweshwa maji wiki nzima. Ya pili ni kizingiti cha marumaru nyeupe kilichofifia kwa kukanyagwa. Zege nimeliacha lipite siku 28 kabla ya kuligusa, kwa sababu zege changa likisagwa mchanga hung'oka badala ya kukatika, na kila punje inayong'oka huacha shimo.

Mashine ni ya kung'arishia kwa maji, inarekebishwa spidi, na maji hutokea katikati ya shafti. Wengi huanza na grinda waliyo nayo. Kwa diski za chuma za kusagia inafaa, lakini kwa pedi za rezini, ambazo almasi zake zimeshikwa na gundi laini ya aina ya plastiki, hapana. Grinda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, ilhali pedi nyingi za milimita 100 zimeandikwa nyuma kikomo cha karibu 4,500. Ukipita hapo rezini hulainika kwa joto na kujipaka kwenye jiwe. Pedi nayo inaweza kubanduka kwenye Velcro na kuruka.

Seti ya pedi ni namba 50, 100, 200, 400, 800, 1500 na 3000, pamoja na ile ya mwisho isiyo na namba. Hesabu ni ileile ya msasa: namba ndogo, chembe kubwa. Jambo nitakalolirudia katika shajara hii nzima ni kwamba mng'ao haufanywi na 3000. Unafanywa na namba za chini, na zile za juu zinaonyesha tu kama kazi ya chini ilifanyika.

Umeme na maji viko pamoja mkononi, kwa hiyo kitu cha kwanza kufungwa ni swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Waya umening'inizwa ushuke chini ya soketi kwanza, ndipo upande, ili maji yakiufuata yadondoke pale kwenye mkunjo.

Vumbi nalo lisichukuliwe kimzaha. Mchanga na kokoto nyingi zina kwatzi, madini magumu ya silika ya fuwele, na kwatzi ikisagwa kavu hutoa chembe ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, zisionekane hewani. Ugonjwa wake, silikosisi, hautibiki, na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka silika ya fuwele kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Nchini Marekani kikomo cha kazini ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa saa nane, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kwa hiyo kila kitu hapa ni kwa maji, na barakoa ni ya chujio la P100 au FFP3, madaraja ya juu ya kuzuia vumbi. Kitambaa puani hakisaidii kitu.

18 Januari: kusaga, na pedi namba 50 isiyofua dafu

Nilianza na pedi ya rezini namba 50. Kwa muda ilikula vizuri, rojo la kijivu likatoka zito, kisha ikaanza kuteleza tu. Kuigeuza, vile vipande vya rezini vilikuwa vimekwisha nusu upande wa nje, na bamba halijafika hata nusu.

Sababu ni gundi inayoshika almasi. Kila pedi hufanya kazi kwa kuisha: gundi inalika taratibu, almasi butu zinaanguka, mpya zinachomoza. Uso wa zege lenye mchanga mwingi wenyewe ni kama msasa, unaitafuna rezini laini kabla almasi hazijafanya kazi yake. Kanuni ya mafundi ni ya kinyume: zege laini lenye mchanga hutaka gundi ngumu, na zege gumu hutaka gundi laini, maana kwenye zege gumu gundi ngumu hailiki kabisa na almasi mpya hazitoki. Pedi inapokuwa hivyo utaiona inang'aa na haishiki. Tiba yake ni kuisugua kidogo kwenye tofali la mchanga au kipande cha jiwe la kunolea mpaka uso ufunguke tena.

Nikahamia kwenye diski za chuma, namba 30, kisha 60, kisha 120. Tofauti ilikuwa usiku na mchana. Sehemu niliyokuwa nikiihangaikia kwa rezini iliisha kabla ndoo ya maji haijafika nusu.

Halafu ikatokea lile linalowakanganya watu wengi. Baada ya chuma namba 120 unarudi rezini namba 50. Inaonekana ni kurudi nyuma, lakini sivyo. Kwenye chuma almasi haziyumbi, kwa hiyo 120 ya chuma inachimba mkwaruzo wenye kina kuliko 50 ya rezini, ambayo hunepa kidogo. Nilijaribu kwenye kona ya chini ya meza kwenda moja kwa moja kutoka chuma 120 hadi rezini 200. Kona ikang'aa kwa mbali, na mistari ya diski ikabaki ndani yake. Ile kona nimeiacha hivyo, ni kielelezo kizuri cha kumwonyesha mtu.

Kuhusu kina: mtu anaweza kusaga kidogo abaki na uso wa saruji tupu, akashuka hadi chembe za mchanga zionekane, au akashuka zaidi hadi kokoto zikatike. Mpango ulikuwa mchanga. Rula ya chuma ilionyesha mgongo wa kama milimita 2 upande wa kulia, na kuusawazisha mgongo kulifunua kokoto huku kushoto bado kuna mchanga mtupu. Meza ikawa na sura mbili. Hapo hakuna ujanja: ama unabaki na madoa, ama unashusha bamba zima mpaka kokoto. Nimelishusha lote. Ni kazi nzito kuliko zote za mradi huu, na ingepungua sana kama ubao wa kusawazishia ungepitishwa vizuri siku ya kumwaga.

Njia ya kujua kama umesaga kila mahali ni kuchora miraba ya penseli ya nta juu ya bamba zima. Saga hadi mistari yote ifutike. Inapobaki mistari ndipo pana bonde. Penseli ichorwe upya kwa kila namba, mpaka 200.

25 Januari: vishimo

Kusaga kumefungua vishimo vya hewa vingi, vingine vya kichwa cha pini, vingine vinaingia punje ya mchele. Dawa ni saruji ileile iliyotumika kumwagia, ichekechwe, ichanganywe na maji yenye polima ya akriliki mpaka iwe nzito kama mtindi, kisha ikandamizwe kwa mwiko wa plastiki. Mwiko wa chuma huacha michirizi myeusi.

Kujaza kwa kwanza kulibanduka. Pedi ilipopita, vipande vikatoka vizima, chini yake kukiwa na utando wa rojo la kusagia lililokaukia shimoni. Saruji ilikuwa imeshika utando, haikushika zege. Safari ya pili bamba lilisuguliwa kwa brashi ya nailoni na maji mengi, likanyonywa kwa vakyumu ya maji, kisha likaachwa na unyevu ndani bila maji ya kusimama juu. Zege kavu kabisa hunyonya maji ya kijazio kabla hakijashika, na zege lenye madimbwi hukifanya kijazio kiwe chepesi na dhaifu. Safari hii kimekaa.

Wapo wanaojazia kwa rojo lenyewe la kusagia kwa sababu rangi inalingana. Rangi kweli inalingana, ila ile ni saruji iliyokwisha kushika ikasagwa, peke yake haina nguvu ya kushika tena. Inahitaji gundi.

Usifute kijazio siku hiyohiyo. Kipe siku kadhaa chini ya nailoni, kisha rudi na namba 50 kuondoa utando wa juu. Vishimo vilivyobaki vilijazwa tena baada ya namba 100. Vichache vinavyoonekana ukiinama sana nimeviachia.

1 Februari: namba 100, 200 na dawa ya kugumisha

100 na 200 hazina hadithi ndefu. Maji ya kutosha, mashine kwenye mizunguko kama 2,000, pedi ilale bapa. Safu ya kwanza kwa urefu, ya pili kwa upana, kila njia ikiifunika nusu ya iliyotangulia. Uzito wa mashine wenyewe unatosha; ukiikandamiza unachimba mabonde. Kwenye ukingo usiinamishe pedi. Iache itoke nje ya bamba kwa theluthi moja tu, la sivyo kona inalika na kuinama, na kona iliyoinama hairudi.

Baada ya 200 kilifuata kigumisho cha zege, silikati ya lithiamu iliyoyeyushwa kwenye maji. Ndani ya zege hubaki chokaa huru, hidroksidi ya kalsiamu. Silikati huingia kwenye vinyweleo, ikakutana na ile chokaa, na vikazaa kiambato kilekile kinacholipa zege nguvu yake. Uso unakuwa mgumu, na uso mgumu ndio unaokubali kung'aa. Zege lisilogumishwa hufika mahali likagoma, hata uliongezee namba kiasi gani.

Maelekezo yalisema uso ubaki umelowa kwa nusu saa, kisha ziada ifutwe. Upande mmoja wa meza ulikuwa umekunywa dawa haraka na kukauka, mwingine ulikuwa na vidimbwi. Vile vidimbwi vilipokauka viliacha ukoko mweupe mgumu kama kioo chenye ukungu. Maji ya moto hayakuutoa, brashi haikuutoa, sabuni ndiyo kabisa. Uliondoka kwa pedi namba 200 tu, maana yake sehemu hiyo ilirudiwa yote na kupewa dawa upya. Hasara ikawa dawa na sehemu nzuri ya maisha ya pedi moja.

Ninavyofanya sasa: namwaga kidogo, natandaza kwa mpini wenye kitambaa cha nyuzi laini, panapokauka naongeza, na muda ukiisha nafuta kwa kitambaa chenye maji mpaka pasiwe na utelezi chini ya kidole. Utelezi ukibaki, dawa imebaki.

8 Februari: 400, 800, na mikwaruzo iliyojificha

Hii ndiyo sehemu iliyokula muda mwingi kuliko nilivyopanga.

Baada ya 400 uso ulikuwa umeanza kuakisi dirisha. Baada ya 800 uliakisi taa. Kisha maji yakakauka, tochi ikawekwa chini sawa na uso wa meza ili mwanga ulale, na pakaonekana miduara: mikwaruzo iliyojipinda, yote ya ukubwa mmoja, imepandana kama alama za glasi zilizowekwa mezani zikiwa na maji. Ilikuwa imejaa theluthi ya katikati. Kwa mwanga wa kutoka juu huoni kitu, na bamba likiwa limelowa huoni kabisa, kwa sababu maji huujaza mkwaruzo na kila jiwe lenye maji linang'aa. Ukilikagua jiwe likiwa limelowa umeyakagua maji.

Swali lilikuwa imetoka namba gani. Kukisia ni ghali, kwa hiyo nilizungushia utepe kijimraba cha kiganja mahali penye miduara na kukifanyia kazi peke yake. Kwanza 400, nikakausha, nikamulika: miduara ipo, imefifia kidogo. Kisha 200: bado ipo miwili mitatu. Kisha 100: imekwisha. Maana yake mkwaruzo ulizaliwa kabla ya 100 kumaliza kazi yake. Au ulizaliwa baadaye kwa kitu kikubwa kuliko 100.

Jibu lilikuwa la pili. Kwenye Velcro ya kisahani cha mashine kinachoshika pedi, pembeni kabisa, palikuwa na chembe za mchanga zilizonasa kwenye nyuzi. Zilitoka kwenye vishimo vilivyofunguka na zikahamia na rojo. Kila pedi iliyofungwa ilikuwa inapita na chembe ya nje inayokwaruza kwa mzunguko wake, ndiyo maana miduara yote ilikuwa na kipenyo kimoja.

Theluthi ya katikati imerudi mpaka 100, na kingo za sehemu hiyo zimepanuliwa kila namba kwa upana wa kiganja ili pasionekane mpaka. Kwa mtu anayefuata hatua hizi, usafi kati ya namba na namba ni kazi kamili: bamba lioshwe, rojo livutwe kwa mpira wa kukaushia maji, kisahani na Velcro vipigwe brashi chini ya bomba, maji ya ndoo yabadilishwe, na meza ya kuwekea pedi ifutwe. Pedi za namba mbalimbali zisikae kwenye beseni moja. Chembe moja ya 50 ikihamia kwenye pedi ya 1500, unaanza upya.

Rojo lenyewe lina kemikali kali. Saruji huyafanya maji yawe na pH ya zaidi ya 12, na ngozi iliyolowa muda mrefu huchubuka bila kuuma mwanzoni. Glovu za mpira na buti zivaliwe. Rojo lisimwagwe kwenye sinki wala mtaro, linagandia humo. Liache litulie kwenye ndoo, tope likigumu litupwe kama kifusi. Maji ya juu hata yakiwa maangavu bado ni makali, kwa hiyo usiyamwagie mimea. Na sakafu ioshwe kabla rojo halijakauka, maana likikauka linarudi kuwa lile vumbi ulilokuwa unalikimbia.

15 Februari: 1500, 3000

Hapa hakuna la kusimulia sana. Maji yalipunguzwa, spidi ikashushwa kidogo, na pedi ya mwisho ikaachwa ifanye kazi ikiwa na unyevu tu, kwa sababu joto kidogo husaidia mng'ao. Kidogo: ukisikia harufu ya plastiki umepitiliza. Bamba linaakisi taa kwa mstari unaosomeka. Zege halitakuwa kioo kama graniti, kokoto zake hung'aa zaidi ya saruji iliyo kati yake, nami naipenda hivyo.

22 Februari: kizingiti cha marumaru

Marumaru ni kalsaiti, madini laini ya kalsiamu, ugumu wa 3 kwenye kipimo cha Mohs. Kwatzi ni 7, almasi 10. Ukitoka kwenye zege na mkono uleule utaichimba. Kama huna hakika jiwe lako ni nini, dondosha tone la siki mahali pasipoonekana: marumaru huchemka kidogo au huacha doa lililofifia, graniti haina habari.

Kizingiti hakikuwa na mikwaruzo mirefu, kilikuwa kimechakaa tu, kwa hiyo kilianza na 200. Kuanzia 50 kungekuwa kujitafutia kazi. Kufika 800 yakaonekana mawingu ya waridi upande mmoja. Pedi za seti hii zina rangi kwa kila namba, na ile ya 800 ni nyekundu. Maji yalikuwa yamepungua, pedi ikapata joto, rangi ikaingia kwenye vinyweleo vya jiwe. Kwenye zege ya kijivu isingeonekana. Asetoni iliitoa ya juu, iliyobaki ilitaka kurudi 400 kwa maji mengi. Kwa jiwe jeupe tumia pedi nyeupe, na ile ya mwisho isiwe nyeusi, kwani hiyo huacha kivuli cha kijivu kinachofanana na uchafu.

Mng'ao wa mwisho haukutoka kwenye 3000. Ulitoka kwenye unga wa kung'arishia marumaru wenye asidi oksaliki, unaokandwa na maji kidogo na kusuguliwa kwa pedi ya sufi kwa spidi ndogo. Asidi hushikana na kalsiamu ya jiwe na kufanya utando mwembamba mgumu, na msuguano unausawazisha. Ukikaukia juu unachoma, basi ongeza maji kila unapoona unataka kushika, na suuza vizuri mwishoni. Ni sumu, glovu na miwani visivuliwe. Kwenye graniti unga huu hauna kazi, kwa sababu hamna kalsaiti ya kushikana nayo; huko hutumika oksidi ya bati.

Mtu akitaka kujaribu haya kwenye jiwe la kutengenezwa kwa kwatzi na rezini, ushauri wangu ni aache. Mengi yake yana silika zaidi ya asilimia 90, Australia imeyapiga marufuku tangu 1 Julai 2024 kwa sababu ya silikosisi ya mafundi, na rezini iliyomo huungua kabla ya kung'aa.

1 Machi: kuziba na hesabu ya kilichotumika

Meza imekauka vya kutosha, imepakwa dawa ya kuziba ile inayozama ndani, mipako miwili miembamba, ziada ikafutwa kabla ya kukauka. Mafuta yaliyoachwa juu usiku kucha hayakuacha alama. Maji ya limau yaliacha, ukungu mdogo wa ukubwa wa sarafu, kwa sababu dawa inapunguza kunyonya lakini saruji bado huliwa na asidi. Alama iliondoka kwa 1500 na 3000 za mkono, kisha dawa kidogo tena. Tone la maji likianza kutia giza zege badala ya kusimama juu, ndipo dawa hurudiwa.

Kilichogharimu zaidi ni mashine, ikifuatwa na diski za chuma. Katika pedi za rezini, 50 mbili zimekwisha kabisa, 100 imebaki robo, 200 nusu, kwa sababu ya ukoko wa dawa na ile theluthi iliyorudiwa. 400 na 800 zina kazi nyingine moja kubwa ndani yake. 1500 na 3000 ni kama zimetoka dukani. Seti huuzwa kwa pedi moja ya kila namba, kwa hiyo anayenunua aongeze 50 na 100 za ziada papo hapo, na pesa yake asiipeleke kwenye 3000 ya bei ya juu. Diski ya chuma namba 30 ilihitajika kwa sababu ya ule mgongo tu, na kwa bamba lililosawazishwa vizuri inaweza kuazimwa au kuachwa kabisa.

Kilichobaki ni ukingo wa mbele wa meza, ambao utafanywa kwa pedi za mkono, 100 hadi 3000, kabla meza haijainuliwa kwenye miguu yake.